Daftari Analoshika Mdaiwa

Jioni ya leo nazungumza na wale wenzetu wanaotangaza bidhaa za watu mtandaoni kwa makubaliano ya kamisheni, kazi ambayo vijana wanaiita afilieti. Unajisajili bure kwenye duka la mtandaoni, unapewa linki yenye alama yako, unaiweka kwenye ukurasa wako au chini ya video yako, na mtu akipitia humo akanunua, duka linakukatia asilimia. Maswali yanayotufikia hapa studio kuhusu kazi hii yanafanana. Mtu anaandika: linki yangu imebofywa mara elfu moja na kitu, ripoti inasema nimepata dola mbili, je, nimeibiwa?

Huenda umeibiwa, na huenda hukuibiwa. Ila kwa jinsi watu wengi wanavyoisoma ripoti ile, hawawezi kujua. Wanaifungua asubuhi na jioni, wanatazama tarakimu kubwa iliyo juu, wakiona imepanda wanafurahi, ikishuka wananuna, kisha wanafunga simu. Huko ni kuitazama tu. Kuisoma ni kazi nyingine.

Wasikilizaji wa Dar es Salaam wanawajua mawinga wa Kariakoo. Winga hana duka wala mzigo. Anasimama pale Mtaa wa Kongo, anakudaka, anakuuliza unatafuta nini mama, unatafuta nini kaka, anakupeleka dukani kwa mwenye bidhaa, na ukinunua anapata chake. Mtu wa linki ni winga kamili, ila ana upungufu mmoja mkubwa. Winga wa Kariakoo anaingia dukani pamoja na mteja. Anaona mteja ametoa shilingi ngapi, anaona kama amebadili mawazo, anaona kama amerudisha kiatu kesho yake kwa sababu kinambana. Winga wa mtandaoni anaachana na mteja mlangoni. Yanayotokea ndani anasimuliwa na mwenye duka. Na mwenye duka ndiye anayedaiwa kamisheni. Kwa hiyo ile ripoti, pamoja na rangi zake na michoro yake mizuri, ni daftari la deni lililoandikwa na mdaiwa.

Sisemi kwamba kila mdaiwa ni mwizi. Maduka makubwa yana sababu nzuri za kuandika sawasawa, maana yakizoea kuwadhulumu mawinga wao, mawinga watahama. Lakini anayedai ana wajibu wa kujua daftari limeandikwaje: kipi kinaandikwa, kipi hakiandikwi, na kila mstari una maana gani.

Tuanze na jinsi mwenye duka anavyojua kwamba mteja ametoka kwako. Mwaka 1994 mhandisi wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alibuni njia ya tovuti kuacha kijikaratasi kidogo cha kumbukumbu ndani ya kivinjari cha mgeni, ili mgeni akirudi atambulike. Kikaitwa kuki. Miaka miwili baadaye, Julai 1996, Amazon, ambayo wakati huo ilikuwa duka la vitabu, ilianzisha mpango wake wa kuwalipa watu wanaoiletea wateja. Haikuwa ya kwanza kabisa duniani kufanya hivyo, lakini ndiyo iliyoifanya biashara hii ienee, na kanuni zake zimeigwa na wengi. Ndiyo maana leo nitaitumia kama mfano. Mtu akibofya linki yako, kivinjari chake kinawekewa alama yenye jina lako. Akinunua alama ikiwa bado hai, jina lako linaandikwa.

Alama hiyo inaishi muda gani? Kwa Amazon, saa 24. Zikipita, mteja akirudi mwenyewe kesho kutwa akanunua kilekile ulichomweleza, huna chako. Pia akishaagiza mara moja, alama inaisha. Na akibofya linki ya winga mwingine kabla hajanunua, mteja ni wa yule mwingine. Kuna nafuu moja: ndani ya zile saa 24 akikiweka kitu kwenye kikapu cha manunuzi bila kulipia, kikapu kile kinakumbuka jina lako kwa kawaida hadi siku 90. Maduka mengine yanatoa siku 7, mengine 30, mengine zaidi. Hili halimo kwenye ripoti, limo kwenye mkataba uliobonyeza “nakubali” bila kuusoma. Nenda kausome leo. Mtu anayetangaza friji au kamera, vitu ambavyo familia huvijadili wiki nzima kabla ya kununua, halafu alama yake inaishi siku moja, asishangae mibofyo yake haizai.

Sasa tuifungue ripoti yenyewe. Tuseme katika mwezi mmoja umeandikiwa mibofyo 1,200. Chini yake kuna vitu vilivyoagizwa: 18. Ukigawa, kati ya kila watu mia moja waliobofya, oda ni moja na nusu. Hapo wengi wanakunja uso, lakini kwa biashara hii hicho si kiwango cha aibu. Endelea kushuka. Vitu vilivyosafirishwa: 16. Amazon haihesabu kamisheni kwa kitu kilichoagizwa, inahesabu kwa kilichotumwa. Kuna oda zinafutwa na mteja, kuna kadi ya benki inakataa. Shuka tena. Vilivyorudishwa: 2. Vimebaki 14. Tuseme vyote ni vitabu vya karatasi, wastani wa dola 20 kimoja. Mauzo yanakuwa dola 280. Kwa vitabu vya karatasi Amazon ya Marekani hulipa asilimia 4.5. Kamisheni yako ni dola 12 na senti 60.

Tazama ilivyotoka 1,200 hadi 12.60. Hakuna aliyekuibia njiani, na kila hatua ina jina lake kwenye ripoti. Kigawe kile kipato kwa mibofyo yote, unapata takriban senti moja ya dola kwa kila mbofyo. Hiyo ndiyo tarakimu ninayoiheshimu kuliko zote kwa sababu inakuambia mgeni mmoja unayempeleka dukani ana thamani gani kwako. Kama unalipia tangazo la Facebook ili upate wageni, na kila mgeni anakugharimu senti tano, basi kadiri unavyofanikiwa kuwaleta ndivyo unavyofilisika.

Ila kuwa mwangalifu unapolinganisha tarakimu hii kati ya kampuni na kampuni. Kampuni kubwa ya Marekani inayounganisha maduka na mawinga, CJ, huonyesha kipato kwa kila mibofyo 100. Nyingine huonyesha kwa mbofyo mmoja. Asiyejua anaona kwa CJ dola moja, kwingine senti mbili, anakimbilia kwenye dola moja. Ukweli ni kwamba dola moja kwa mibofyo mia ni senti moja kwa mbofyo, na kule alikokukimbia kulikuwa na senti mbili.

Turudi kwenye mibofyo yetu 1,200. Mpaka hapa tumeitazama kama fungu moja, na ripoti inapenda uitazame hivyo. Lakini ilitoka wapi? Karibu kila programu ya kamisheni inakuruhusu kutengeneza alama zaidi ya moja: hii ya video, hii ya makala, hii ya ukurasa wa Facebook. Ni kazi ya dakika tano, na naona wengi hawaifanyi. Tuseme wewe umeifanya. Ukagundua kwamba mibofyo 1,000 imetoka kwenye video fupi ya kuchekesha iliyosambaa sana, na ikazaa oda 3. Mibofyo 200 imetoka kwenye makala ndefu uliyokaa usiku ukalinganisha vitabu vitatu vya kujifunzia hesabu, ukasema kipi kinamfaa mwanafunzi wa aina gani, na ikazaa oda 15. Video umepata oda 3 kwa watu elfu. Makala umepata oda 15 kwa watu mia mbili. Mwenye alama moja tu anaona jumla ya oda 18, anadhani video ndiyo iliyomtoa, anakwenda kutengeneza video nyingine kumi za kuchekesha.

Hiyo ndiyo hasara halisi ya kutoisoma ripoti, na inawamaliza watu wengi zaidi kuliko dhuluma ya mwenye duka. Mtu anafanya kazi kwa bidii upande usiolipa, kwa sababu upande huo ndio wenye makelele.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe, waandishi na watangazaji wa Kiswahili. Wasikilizaji na wasomaji wetu wametawanyika. Wapo Dar es Salaam na Mombasa, wapo Bujumbura, wapo Muscat, wapo London, wapo Minneapolis. Amazon ya Marekani na Amazon ya Uingereza ni maduka mawili, yenye programu mbili za kamisheni zilizo mbali mbali. Ukiwa umejisajili na ile ya Marekani tu, ndugu yetu wa London akabofya, akafika duka la Marekani, akaona bei ni ya dola na mzigo unavuka bahari, atafungua duka la Uingereza kwa mkono wake na kununua huko. Kwako utaandikiwa mbofyo na oda hutaiona. Zipo njia za kuunganisha programu hizo ili mgeni apelekwe duka la nchi yake, lakini lazima uzitafute na uziwashe mwenyewe. Na huyu wa Mbagala au Kisauni, anayebofya kwa sababu anapenda mazungumzo yako, gharama ya kusafirisha kitu kutoka Marekani hadi kwake inaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Mbofyo wake ni wa upendo. Usiuhesabu kama mteja, na usimlaumu.

Kwa hiyo kwenye ripoti tafuta nchi. Kama programu yenyewe haionyeshi, takwimu za ukurasa wako zitaonyesha. Mibofyo mingi kutoka nchi ambayo duka haliuzi ni sifa tu.

Kisha kuna simu. Wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu, na simu ina vyumba vingi. Mtu akiifungua linki yako akiwa ndani ya Instagram au TikTok, mara nyingi inafunguka kwenye kivinjari cha humohumo ndani. Alama yako inawekwa huko. Baadaye anatoka, anafungua Chrome, au anafungua programu ya duka lenyewe iliyo kwenye simu yake, ananunua. Alama yako imebaki kwenye chumba kingine. Wengine wanabofya kwa simu na kwenda kununua kwa kompyuta ya ofisini. Na vivinjari vyenyewe vimekuwa vikali: Apple ilianza kuzibana kuki za ufuatiliaji kwenye Safari mwaka 2017, na mwaka 2020 ikazifungia kabisa zile zinazowekwa na tovuti nyingine, si ile aliyoifungua mtu. Ilifanya hivyo kulinda faragha za watu, na mimi naiunga mkono, lakini anayeishi kwa kamisheni ajue kwamba sehemu ya jasho lake haitaandikwa popote.

Upande wa pili, kuna mibofyo ambayo haikubofywa na mtu. Ukibandika linki kwenye Telegram au WhatsApp, programu inakwenda kuchungulia ule ukurasa ili ikuwekee picha ndogo na kichwa cha habari. Roboti za injini za kutafuta zinapita. Roboti za wezi wa takwimu zinapita. Programu nzuri zinajitahidi kuzichuja hizi, nyingine hazijali. Ukiona usiku mmoja mibofyo imeruka kutoka 40 hadi 900 na oda hata moja haijaongezeka, usiite jamaa kusherehekea.

Na hata “usiku mmoja” wenyewe uuchunguze. Ripoti ina saa zake. Kama inafuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani, siku yao mpya inaanza huku kwetu ikiwa saa 4 au saa 5 asubuhi, kutegemea majira yao. Tangazo ulilolirusha Jumamosi saa 3 asubuhi, kwenye ripoti limeangukia Ijumaa. Halafu mbofyo unaandikwa siku uliobofywa, na kamisheni inaandikwa siku mzigo unapotumwa, ambayo inaweza kuwa siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana unaweza kuona Jumanne ina mibofyo 3 na kamisheni ya vitu 5, ukadhani mashine imeharibika. Kuilinganisha siku na siku ni kujisumbua. Tazama mwezi na mwezi, au walau majuma manne kwa pamoja.

Sasa nije kwenye lile neno “kuibiwa”, maana sitaki mtu aseme nimelikwepa.

Nimesema kanuni ya wengi ni kwamba aliyebofyewa mwisho ndiye anayelipwa. Wewe umemweleza mteja kwa nusu saa, umemwonyesha kitu kinavyofanya kazi, ameshawishika, yuko kwenye ukurasa wa kulipia. Hapo anatokea mwingine, dakika ya mwisho, anampa kitufe cha kutafuta punguzo, mteja anakibofya, na jina lako linafutwa. Desemba 2024 mtengeneza video mmoja wa YouTube anayejulikana kama MegaLag alitoa video akidai kwamba Honey, kijiprogramu cha kutafuta kuponi ambacho PayPal ilikinunua kwa takriban dola bilioni 4, kilikuwa kinabadilisha alama za watangazaji na kuweka yake wakati mteja anakaribia kulipa, hata pale ambapo hakikupata kuponi yoyote. Watengeneza maudhui wa Marekani wakafungua kesi. PayPal ilijibu kwamba Honey inafuata kanuni za sekta, ikiwemo hiyo ya mbofyo wa mwisho. Jibu lao ndilo lililonigusa zaidi. Wanasema kanuni iko hivyo, na ni kweli iko hivyo. Mtu akipoteza kamisheni kwa njia hii, ripoti haimwandikii kwamba amenyang’anywa. Inamwandikia mbofyo bila oda, sawasawa na yule mgeni aliyeangalia akaondoka.

Wizi wa upande wa mawinga nao upo, na ndio uliofanya maduka yawe na masharti yanayotukera. Huko Marekani, Shawn Hogan na Brian Dunning walikuwa miongoni mwa mawinga wakubwa kabisa wa eBay. Walichokuwa wakifanya ni kuziweka alama zao kwenye kompyuta za watu ambao hawakubofya kitu chochote. Mtu anapita kwenye ukurasa fulani, alama inaingia kimyakimya, siku akienda eBay kununua kwa hiari yake, wao wanalipwa. Wakavuna mamilioni ya dola. Wote wawili walikiri makosa ya ulaghai mahakamani, na mwaka 2014 Hogan alihukumiwa miezi 5 jela, Dunning miezi 15.

Huku Afrika tuna mfano wetu. Jumia, duka la mtandaoni lililoanzia Nigeria mwaka 2012, lilikuwa na jeshi la mawakala wa kamisheni walioitwa JForce. Aprili 2019 kampuni iliingia soko la hisa la New York. Agosti mwaka huohuo, ilipotoa hesabu zake, ilieleza yenyewe kwamba uchunguzi wake umekuta baadhi ya mawakala hao, wakishirikiana na wauzaji na wafanyakazi wa ndani, walikuwa wakinufaika na tofauti kati ya kamisheni aliyotozwa muuzaji na kamisheni kubwa zaidi aliyolipwa wakala. Yaani muuzaji anatozwa kidogo, wakala analipwa zaidi, wanaigeuza tofauti ile kuwa shamba. Kampuni ilisema miamala hiyo ilikuwa kama asilimia 1 ya thamani ya mauzo yake ya mwaka 2018. Novemba 2019 Jumia ilifunga biashara yake Tanzania, kwa sababu zake nyingine za kibiashara, lakini Kenya na Uganda iliendelea.

Ndiyo maana Amazon inakukataza kununua kupitia linki yako mwenyewe, na haitaki uwaombe watu wabofye ili kukuchangia. Wapo wanaodhani ni ujanja: namwambia shemeji anunue kupitia linki yangu, tunagawana. Ukigundulika, akaunti inafungwa na kilichokuwemo kinapotea. Na ukiwa mgeni, usipoleta mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180 za mwanzo, wanakufungia pia. Hilo la pili naliona ni gumu kwa mtu anayeanza kwa Kiswahili, lakini ndilo sharti.

Kuna kitu kingine ambacho mdaiwa anacho na wewe huna: anaweza kubadilisha bei ya kazi yako. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa ajili ya Uviko, Amazon ilitangaza viwango vipya, na baada ya wiki moja vikaanza kutumika. Kamisheni ya samani ilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Ya vyakula ilishuka kutoka 5 hadi 1. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kutangaza makochi aliamka akiwa na mibofyo ileile, oda zilezile, na kipato chini ya nusu. Hakuna kifungu alichoweza kukishika, maana mkataba ulimpa mwenye duka haki hiyo. Kwa sababu hiyo, ukiona kipato kimeshuka, kabla hujabadilisha kazi yako gawanya kamisheni kwa mauzo uone asilimia imebaki ileile. Kama asilimia imeshuka, tatizo si wewe.

Na malipo je? Tarakimu ya kamisheni kwenye ripoti bado si fedha mkononi. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi kwisha. Kazi ya Januari unailipwa mwishoni mwa Machi. Katika kipindi hicho mteja akirudisha bidhaa, wanakata. Kuna mwezi unaweza kuona kamisheni yenye alama ya kutoa mbele yake, maana yake vilivyorudishwa vimezidi vilivyouzwa. Kisha kuna kiwango cha chini: dola 10 kama unalipwa kwa benki au kwa kadi ya zawadi, dola 100 kama ni hundi. Zile dola 12 na senti 60 zetu, kwa mwenye kulipwa hundi, zitakaa pale miezi. Na benki au kampuni ya kupitisha fedha nayo itakata yake. Wale wenye tovuti za safari, wanaowaletea wageni hoteli za Zanzibar na Diani kupitia Booking.com, wanalijua hili zaidi: mgeni anaagiza chumba Januari, atalala Julai, na kamisheni haihesabiwi hadi awe amelala kweli. Akighairi, imekwenda.

Kwa wasikilizaji wa Kenya niongeze hili. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali, baada ya pendekezo la mwanzo la asilimia 15 kupigiwa kelele. Na sheria ile, katika kuorodhesha maudhui hayo, imeitaja kazi hii ya kamisheni waziwazi. Kwa hiyo usiseme hukujua kama nawe umo.

Mtu atauliza, sasa nifanye nini? Weka daftari lako. Naomba liwe la kawaida kabisa, la karatasi au la simu, ila liandikwe na mkono wako na lisitegemee ripoti ya duka. Andika tarehe uliyoweka kila linki, umeiweka wapi, na alama yake ni ipi. Andika mkataba unasema alama inaishi siku ngapi, na asilimia ni ngapi kwa kila aina ya bidhaa siku ulipojiunga. Kila mwisho wa mwezi pakua ripoti, ihifadhi, maana kuna programu zinazofuta za zamani, na nyingine zinarekebisha tarakimu za nyuma bila kukuambia. Miezi miwili baadaye fedha zikiingia, linganisha zilizoingia na zilizoahidiwa. Zikipishana, una karatasi ya kuuliza nayo. Aliyewaandikia “mbona mnaniibia” hajibiwi. Aliyewaandikia kwamba ripoti yenu ya Machi ilisema 41 na benki imeingia 33, nifafanulieni 8, huyo ana nafasi ya kujibiwa.

Na mara moja moja, jaribu linki zako mwenyewe bila kununua. Bofya, uone kama inafika. Ukurasa wa bidhaa ukifutwa, linki inapeleka watu kwenye ukuta. Wapo waliokaa mwaka mzima wakimlaumu mwenye duka, kumbe linki ilikosewa herufi moja siku ya kwanza.

Nimalizie na hawa wanaouza mafunzo. Mnawajua. Anaweka picha ya skrini ya dashibodi, tarakimu nene, dola elfu tisa, anasema mwezi mmoja tu ndugu zangu, njooni niwafundishe, ada shilingi laki moja na nusu. Sasa ninyi mnaijua ile ripoti. Mnajua kwamba dola 9,000 zikiwa ni mauzo yaliyoagizwa, kwa asilimia 4.5 kamisheni yake ni dola 405, na hapo bado hazijatolewa oda zilizofutwa, bidhaa zilizorudishwa, makato ya benki, na gharama za matangazo aliyoyalipia kuwapata wale wabofyaji. Mnajua pia kwamba kuna safu ya mauzo na kuna safu ya kamisheni, na mtu anaweza kupiga picha safu anayoitaka. Kwa hiyo kabla hujatoa ada yako, mwombe kwa heshima akuonyeshe taarifa ya benki ya fedha zilizoingia kwa mwezi huohuo wa ile picha. Akikataa, baki na laki na nusu yako.